Hewa Ifike kwenye Jicho la Diski: Mwongozo Kamili wa Njia za Hewa kwenye Gari la Stoki

Vijana wetu wanaosaidia timu ndogo za mbio za magari ya stoki, yaani magari ya mbio yenye bodi inayofanana na ya magari ya kawaida, huko North Carolina na Virginia, Marekani, wananiuliza swali moja mara kwa mara: "Tumeweka mipira ya hewa (mabomba laini ya kupitishia hewa hadi kwenye breki), tumetoboa tundu kubwa puani, na bado pedali ya breki inazama baada ya mizunguko thelathini. Tufanyeje?"

Nikiomba picha, nakuta makosa yale yale. Mpira umejikunja kama utumbo nyuma ya bampa. Mwisho wake umefungwa kwa waya ukielekea uso wa diski. Pembeni mwa rejeta kuna nafasi ya kupitisha mkono mzima. Halafu, joto likizidi, mtu anachukua grenda na kuongeza ukubwa wa tundu la mbele.

Weka grenda chini kwanza. Njia ya hewa ina sehemu tatu: pa kuingilia, pa kupitia na pa kutokea. Hewa hupita pale penye upinzani mdogo, na ukiiachia mwanya inaukimbilia. Karibu kila gari lililonishinda mwanzoni lilikuwa na tundu la kutosha la kuingilia. Kasoro ilikuwa kuvuja njiani, au hewa kukosa pa kutokea.

Mwongozo huu ni wa gari la kiwanja kifupi cha lami: injini mbele, diski zenye nafasi ya hewa katikati, rejeta nyuma ya bampa. Nimeanza na breki kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

## Kabla ya yote: kitabu cha kanuni

Soma kanuni za kiwanja chako au za waandaaji wa mbio zako. Wengi huweka kikomo cha idadi ya mipira ya hewa, kipenyo chake, na mahali unaporuhusiwa kutoboa bodi. Wengine hukataza feni za umeme kwenye breki. Kazi ya siku tatu inaweza kuondolewa na mkaguzi kwa dakika tatu, na atakuwa na haki.

## Vifaa

- Mpira wa hewa wa kuhimili joto kali, wa kitambaa cha faiba kilichopakwa silikoni, kipenyo inchi 3, kiasi cha mita 2 kwa kila gurudumu la mbele. Ule wa neoprini ni nafuu na unafaa kwa dereva, lakini usiufikishe kwenye diski.
- Midomo miwili ya kuingizia hewa, ya plastiki au ya faiba.
- Bati la alumini la unene wa milimita 1 hadi 1.5.
- Riveti, drili, makasi ya bati na faili ya kulainisha kingo.
- Klipu za chuma za kukaza kwa skrubu. Vibanio vya plastiki havifai karibu na breki, vinayeyuka.
- Sponji ngumu isiyofyonza maji, na mpira wa kuzibia milango ya gari.
- Wavu wa chuma wa matundu madogo.
- Rangi za kupima joto la diski, na kipimajoto cha leza.
- Blowa ya kupeperushia majani ya bustani. Inachukua nafasi ya upepo wa barabarani.
- Tochi kali, nyuzi za sufi, tepu imara, daftari na kalamu.
- Stendi nne. Gari lililosimama juu ya jeki peke yake halifanyiwi kazi, hata kwa dakika moja.

## Hatua ya 1: Pima hali ilivyo sasa

Usibadilishe kitu kabla hujajua joto la sasa. Paka ukingo wa kila diski ya mbele mistari mitatu ya rangi ya joto: kijani, ya machungwa na nyekundu. Kijani hugeuka diski ikifika nyuzi 430 za Selsiasi hivi, ya machungwa karibu na 560, nyekundu karibu na 610. Faida ya rangi ni kwamba inakuonyesha joto la juu kabisa lililofikiwa kule kwenye kona, wakati kipimajoto cha leza kinakupa joto la pale gari liliposimama, ambalo limekwisha kushuka.

Dereva akimbize mizunguko 20 kwa kasi ya mbio, kisha aingie bila mzunguko wa kupoza. Andika rangi ilivyogeuka kwa kila gurudumu. Kisha pima kwa leza uso wa ndani na uso wa nje wa diski moja. Ikiwa nyuso hizo mbili zinapishana sana, umeshaupata ugonjwa: hewa inapoza upande mmoja tu.

Angalia pia mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 4 yanatakiwa kuchemka si chini ya nyuzi 230 yakiwa mapya, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinashuka hadi 155. Pedali inayozama huenda inalalamikia mafuta ya zamani. Yabadilishe kwanza, utoe mapovu yote, ndipo uhukumu njia ya hewa.

Dalili ya kufaulu: una ukurasa wenye namba za magurudumu yote mawili ya mbele, na unajua lipi linachemka zaidi.

## Hatua ya 2: Chagua pa kuingilia

Hewa inajikusanya na kusukuma pale gari linapoigonga uso kwa uso. Sehemu hiyo ni pua ya gari, kuanzia katikati kuelekea pembeni. Ukienda mbali kuelekea kona ya bampa, pale bodi inapopinda kurudi nyuma, hewa inateleza kando na mdomo wako unabaki na msukumo mdogo. Hilo ni kosa la kawaida kwa sababu kona ya bampa ndiyo iliyo karibu na gurudumu, na mtu anatamani mpira uwe mfupi.

Sasa hesabu kidogo. Mpira wa inchi 3 una eneo la sentimita za mraba 45 hivi. Mdomo wa urefu wa sentimita 15 na upana wa sentimita 3 unatoa eneo hilo hilo. Ukipanua mdomo hadi sentimita za mraba 150, mpira ule ule ndio unaoamua kiasi kinachopita. Iliyobaki inamwagika puani na kuongeza ukinzani wa upepo. Mdomo uwe sawa na mpira au uuzidi kidogo, kisha unywee polepole kama faneli hadi kwenye shingo.

Ukitaka hewa zaidi na kanuni zinaruhusu, panua njia yote. Mpira wa inchi 4 una eneo la karibu mara mbili ya ule wa inchi 3.

Kumbuka pia kwamba msukumo wa hewa unafuata mraba wa mwendo. Kasi ikishuka nusu, msukumo unabaki robo. Ndiyo maana viwanja vifupi ni vigumu kuliko vile vikubwa. Martinsville, Virginia, ina urefu wa maili 0.526 tu, na kona zake zimeinama nyuzi 12. Mbio za mizunguko 500 pale maana yake ni kukanyaga breki kwa nguvu mara 1,000, huku mwendo wenyewe ukiwa mdogo kwa kusukuma hewa. Kwenye Talladega, kiwanja kikubwa cha Alabama chenye maili 2.66, dereva anaweza kupita mizunguko mingi bila kugusa breki, na hapo timu huiziba njia ya breki ili gari lipasue upepo kirahisi. Basi usinakili picha ya gari la Talladega ukaiweka kwenye gari la kiwanja kifupi.

Dalili ya kufaulu: bandika nyuzi fupi za sufi kuzunguka mdomo, weka kamera, na gari likimbie. Nyuzi zinazoelekea ndani ya mdomo na kutulia zinasema mahali ni pazuri. Zinazocheza ovyo au kulala kando zinasema sogea kuelekea katikati.

## Hatua ya 3: Tengeneza kifuniko cha ndani cha diski

Hapa ndipo mafanikio yote yalipo, na ndipo wengi hawafanyi chochote.

Diski ya mbio ni sahani mbili zilizounganishwa na mapezi katikati. Ikizunguka, mapezi yanavuta hewa kutoka katikati, karibu na habu (kitovu cha gurudumu), na kuirusha nje kupitia ukingo. Diski yenyewe ni pampu. Mahali inapovutia hewa ndipo mafundi wanapaita jicho. Kazi yako ni kulilisha jicho.

Ukipuliza uso wa diski, unapoza sahani ya ndani huku ya nje ikiendelea kuiva. Chuma chenye joto tofauti pande mbili kinapinda kama sahani ya kulia chakula, pedi zinalika mshazari, na nyufa zinaanza. Nimeshika diski za namna hiyo mkononi: upande wa ndani kijivu, wa nje buluu, na ufa unaoingia kucha. Aliyezifunga alikuwa na mpira mzuri kabisa, wa bei, uliotazama mahali pabaya.

Fanya hivi:

Kata bati la alumini kwa umbo la duara, dogo kidogo kuliko diski, lenye pengo la kupitishia kalipa, yaani kile chuma kinachoshika pedi za breki. Lifunge kwenye nako, yaani kile chuma kinachobeba habu na kugeuka na usukani, ili lifuate gurudumu. Liache milimita 5 hivi kutoka kwenye diski. Ukilisogeza karibu zaidi, beringi ikipata mchezo kidogo litasuguana.

Kwenye bati hilo, karibu na katikati, funga shingo ya inchi 3. Nyuma ya shingo tengeneza chumba kidogo kinachozunguka habu, ili hewa ikiingia isambae pande zote na kuingia kwenye jicho. Kingo za chumba zikaribie mzunguko wa ndani wa diski. Hewa isiwe na chaguo ila kupita katikati ya mapezi.

Kama diski zako zina mapezi yaliyopinda, zina kulia na kushoto. Likitazamwa kutoka jicho kwenda ukingoni, pezi linatakiwa kulala kinyume na upande diski inakozunguka. Ukizibadilisha, pampu yako inadhoofika, na hakuna mpira utakaofidia.

Onyo: usipulize hewa moja kwa moja kwenye kalipa ukadhani umetatua diski. Kalipa ikihitaji hewa, itolee tawi dogo baada ya jicho kushiba.

Dalili ya kufaulu: washa tochi ndani ya shingo gizani. Mwanga uonekane ukitokea katikati ya mapezi ukingoni mwa diski. Mwanga unaomwagika kando ya bati ni hewa inayopotea.

## Hatua ya 4: Pitisha mpira

Pitisha kwa njia fupi iliyonyooka kadiri inavyowezekana, na uuvute utanuke wote. Mpira uliolegea una makunyanzi ndani, na kila kunyanzi linakwaruza hewa. Kata ziada. Najua mpira ni ghali na mkono unasita kukata, lakini nusu mita iliyobaki imejikunja nyuma ya bampa inaiba zaidi ya bei yake.

Kona kali ni adui wa pili. Pindo likiwa la lazima, lifanye pana. Mpira ukianza kubonyea kwenye pindo, duara limekuwa yai na eneo limepungua. Weka hapo kiwiko cha alumini. Usiubane katikati ya vyuma viwili ili ukae. Tengeneza vishikizo vya bati vipana visivyoukaba.

Kila kiungo kifungwe klipu. Upitishe mbali na ekzosi. Kama lazima vikaribiane, weka bati la kukinga joto kati yao. Hewa iliyopashwa na ekzosi njiani haina faida ikifika.

Gurudumu la kulia mbele lipe kipaumbele kwenye njia iliyo bora. Magari haya yanakata kushoto muda wote, uzito unaegemea kulia, na tairi hilo ndilo linalobeba mzigo mkubwa kuliko yote. Joto la breki likipanda sana linaingia kwenye rimu na kuuyeyusha ukingo wa tairi unaoshika rimu, na tairi linaachia upepo ghafla. Martinsville imewaangusha wengi kwa njia hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo, usizibe matundu ya rimu, kwani hewa ya moto inatokea hapo.

## Hatua ya 5: Geuza usukani, pandisha na shusha

Kabla ya kusherehekea, ondoa springi au tumia jeki kupandisha gurudumu hadi mwisho wa mwendo wake. Hapo hapo geuza usukani hadi mwisho kulia, kisha hadi mwisho kushoto. Rudia gurudumu likiwa limeshuka lote. Mtu mmoja ageuze, mwingine alale chini na tochi.

Unatafuta mambo matatu: mpira kugusa tairi, mpira kuvutika ukachomoka, na mpira kubanwa ukabonyea. Mpira unaogusa tairi hauishi mizunguko kumi. Mbaya zaidi, ukichanika, waya wake wa ndani unaweza kujisokota kwenye gurudumu.

## Hatua ya 6: Jaribio la blowa

Ingiza blowa ya majani kwenye mdomo wa mbele, uzibe pembeni kwa kitambaa. Nenda kwenye gurudumu, ondoa tairi, shika uzi wa sufi karibu na ukingo wa diski na uuzungushe duara zima.

Uzi upeperuke kwenda nje kila mahali, isipokuwa kwenye kalipa. Pakiwa na upepo juu na kimya chini, chumba cha Hatua ya 3 hakisambazi hewa. Pakiwa kimya kote, fuata mpira kwa kiganja kutoka mbele hadi nyuma mpaka uupate uvujaji.

Jaribio hili linachukua dakika kumi. Lifanye pia baada ya kila ajali ndogo, kwa sababu pua ikisukumwa kidogo tu, shingo inachomoka na hakuna anayeona.

Kuhusu breki za nyuma, gari likikanyagwa breki uzito unahamia mbele, na nyuma hufanya kazi ndogo. Ziache mpaka rangi ya joto ikuambie vinginevyo.

## Hatua ya 7: Zibia rejeta

Kabla ya kulaumu hewa, hakikisha pampu ya maji, mkanda na mfuniko wa rejeta ni vizima. Mfuniko ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: maji matupu huchemka nyuzi 100 usawa wa bahari, lakini mfumo ukishika shinikizo la psi 15 yanavumilia hadi karibu 120. Mfuniko uliolegea unakuletea mvuke mapema. Viwanja vingi vinakataza dawa ya kuzuia kuganda kwa sababu ikimwagika lami inateleza, kwa hiyo huenda una maji matupu, na mfuniko huo ndio kinga yako.

Sasa fungua boneti usiku, zima taa, na mwenzako amulike tochi kutoka kwenye matundu ya bampa. Wewe simama nyuma ya rejeta. Kila mwanga unaouona usiopita kwenye mapezi ya rejeta ni mwanya. Utashangaa. Juu, chini, pembeni mwa tangi, kwenye matundu ya bomba: kote huko hewa inapita bila kupoza chochote, kwa sababu ni rahisi kuzunguka rejeta kuliko kuipenya.

Tengeneza sanduku la bati la alumini kutoka kwenye tundu la bampa hadi kwenye kingo za rejeta, pande zote nne. Lianze dogo mbele na kupanuka polepole kwenda nyuma. Hewa inayopanuka inapunguza mwendo na kuongeza msukumo, na ndivyo inavyopenya vizuri. Tundu la mbele halihitaji kulingana na ukubwa wa rejeta. Sanduku likizibwa vizuri, tundu la theluthi ya eneo la rejeta kwa kawaida linatosha mahali pa kuanzia.

Mahali bati linapokutana na rejeta, weka sponji au mpira wa mlango. Gari hili linatikisika, na bati tupu litaikata rejeta ndani ya wiki chache.

Weka wavu mbele, mahali mkono unapofika. Viwanja hivi vinamwaga vipande vya mpira wa tairi kila mzunguko, na karatasi za vyakula zinapeperuka kutoka majukwaani. Karatasi moja ikilala kwenye tundu, geji ya joto la maji inapanda. Madereva hulisogelea gari la mbele kwa nyuma ili upepo wake uinyofoe.

Rejeta ya mafuta usiipachike mbele ya ile ya maji ukiweza kuepuka. Itakuwa inaipa ile ya maji hewa iliyokwisha kupashwa.

Dalili ya kufaulu: tochi haionyeshi mwanga wowote ila kupitia mapezi ya rejeta.

## Hatua ya 8: Fungua pa kutokea

Hewa iliyoingia lazima itoke. Ikikwama chini ya boneti, msukumo wa nyuma ya rejeta unalingana na wa mbele, na hapo hakuna kinachopita hata ufungue pua yote. Tena hewa iliyobanwa pale inainua pua ya gari, na dereva anakuambia gari halikati kona.

Katika gari la kawaida hewa hutokea chini, pembeni mwa injini, na kwenye nafasi za magurudumu. Angalia kama mabati ya ndani ya magurudumu au sahani za chini zimeziba njia hiyo. Gari la daraja la juu la NASCAR, shirika kubwa la mbio za magari ya stoki Marekani, lililoanza kutumika mwaka 2022 linatolea hewa ya rejeta juu, kwenye matundu ya boneti, kwa sababu chini yake kumefunikwa. Kanuni zako zikiruhusu matundu ya boneti, yaweke mbele, karibu na nyuma ya rejeta.

Onyo: usitoboe boneti karibu na kioo cha mbele. Hewa inagonga kioo na kujaa pale, ndiyo maana kabureta nyingi za magari haya zinavuta hewa kutoka huko. Tundu utakalofungua hapo litaingiza hewa badala ya kuitoa.

## Hatua ya 9: Tepu

Tepu ya pua ndicho chombo chako cha kupangia hewa siku ya mbio. Ukiziba sehemu ya tundu, hewa kidogo inaingia chini ya boneti, gari linakaa chini zaidi mbele na linapasua upepo vizuri. Gharama yake ni joto.

Tepu ni kipimo pia. Geji ikiwa imetulia, ziba theluthi ya tundu na ukimbie mizunguko 10. Joto lisipobadilika, tundu lako lilikuwa kubwa kuliko mahitaji. Likipanda, umejua bei ya ile theluthi. Kama gari linachemka na ukiondoa tepu yote haliponi, acha kabisa habari za pua na urudi Hatua ya 7 na ya 8.

Wengi wetu tunataka maji yakae kati ya nyuzi 90 na 105. Bandika vipande vyembamba, ukikunja ncha ya kila kimoja iwe mkia wa kushika. Kwenye piti, pale gari linaposimama kuhudumiwa katikati ya mbio, mtu ana sekunde chache tu, naye amevaa glovu.

Usipange tepu ukitegemea joto la majaribio ya gari likiwa peke yake. Kwenye mbio, gari lililo nyuma ya jingine linapata hewa iliyovurugwa na pungufu. Acha nafasi ya nyuzi kadhaa, na mwambie dereva kwamba geji ikipanda atoe pua pembeni kwenye sehemu iliyonyooka.

## Hatua ya 10: Dereva

Hapa naomba umakini kuliko kote. Breki zikishindwa utaona. Hewa chafu ndani ya gari haionekani wala hainuki.

Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, gesi inayojishika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Rick Mast, dereva wa NASCAR, aliacha mbio mwaka 2002 kwa sababu ya sumu hiyo iliyomwathiri kwa muda mrefu. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kuchanganyikiwa baada ya mbio zisichukuliwe kama uchovu.

Kwanza ziba bati linalotenganisha injini na dereva. Kila tundu la waya, la bolti, la usukani. Tumia tochi kama ulivyofanya kwenye rejeta. Kagua viungo vya ekzosi vyote.

Kisha mletee hewa safi. Tundu la NACA, lile lililozama kwenye bodi na kupanuka kuelekea nyuma, likiwekwa kwenye kioo cha pembeni linavuta hewa bila kukinza upepo sana. Upande mwembamba uelekee mbele, wengi huligeuza. Unganisha mpira wa inchi 3 hadi kifuani au kwenye kiti. Hewa ya helmeti ipitie kwanza kwenye kichujio kilichotengenezwa kwa ajili ya kaboni monoksaidi, kwa sababu ukiwa nyuma ya magari ishirini, hewa ya nje nayo ni moshi wao.

Mpe hewa hiyo pa kutokea nyuma. Gari lisilo na pa kutokea linavuta hewa kutoka chini, palipo na ekzosi.

Dalili ya kufaulu: kengele ya kaboni monoksaidi ndani ya gari iko kimya mbio nzima, na dereva anashuka akiwa amelowa jasho lakini anaongea vizuri.

## Hatua ya 11: Rudi uwanjani

Paka tena rangi za joto, kimbia mizunguko 20 ile ile, dereva yule yule, na ulinganishe na ukurasa wako wa kwanza.

Kwa pedi nyingi za mbio, napenda kuona kijani kimegeuka chote, ya machungwa imegeuka kidogo au haijaguswa, na nyekundu ikiwa kama nilivyoipaka. Nyuso mbili za diski zikaribiane, na kulia kusipishane sana na kushoto.

Kijani kisipogeuka kabisa, umepoza mno. Pedi za mbio zinataka joto ndipo zishike, na zikiwa baridi dereva ataingia kona ya kwanza akikanyaga ubao. Angalia lebo ya pedi zako kwa kiwango chake, kisha bandika tepu nusu ya mdomo wa breki na ujaribu tena.

Badilisha kitu kimoja kila safari na ukiandike, pamoja na joto la hewa ya siku hiyo. Majaribio mengi hufanyika mchana wa jua kali na mbio huanza usiku, kwa hiyo jua likizama, ongeza utepe mmoja puani kabla ya bendera ya kijani, na mweke mtu wa kuung'oa kwenye piti.